Katibu wa Mpira na Mkwewe

Mume wangu, Anania Kalinga, alikuwa fundi seremala wa Mafinga, mtu wa kucheka taratibu, na tangu anioe sikumwona akigombana na mtu. Watu walimsifu kwa hilo. Na mimi nilimsifu, mpaka mwaka wa hamsini na sita. Tangu hapo sifa hiyo nikiisikia, nageuza mazungumzo.

Alikuwa katibu wa chama cha mpira cha jimbo, na siku hizo Iringa na Mbeya zilikuwa jimbo moja. Msidhani ni kazi kubwa ya kukaa kwenye kiti cha kuzunguka. Kila timu ilikuwa na mjumbe wake, wajumbe wanakutana Iringa mjini, wanapanga nani acheze na nani na refa awe nani, na bingwa wa jimbo ndiye anayepelekwa Dar es Salaam kwenye kombe la chama cha taifa. Katibu anaita mikutano, anaandika, anagombezwa. Anayeamua ni mwenyekiti. Na mwenyekiti alikuwa Mzee Saulo, baba yangu mzazi.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Kwetu sisi mtu na mkwewe hawatazamani usoni wala hawasemezani. Mkutanoni walikuwa na njia yao, huyu anasema "Mwenyekiti", yule anasema "Katibu", macho kwenye karatasi, na kazi inakwenda. Lakini nyumbani kwa baba, Anania alikaa karibu na mlango, na akiwa na neno alinipa mimi nimpelekee baba, ingawa baba amekaa pale pale na amekwisha kusikia yote. Wanangu, Fanueli na wadogo zake, walicheka mpaka wakafukuzwa nje. Mimi nilizoea, nikawa posta yao.

Mwaka huo Mafinga tulimpata Lutengano, Mnyakyusa aliyetoka Mbeya kuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha mbao. Loo, yule alikuwa anaujua mpira. Alicheza winga ya kushoto, na mpira ukimfikia, mabeki walianza kulaumiana hata kabla hajawapita. Sasa, kanuni ilisema mchezaji aliyetoka wilaya nyingine hachezi mpaka mwenyekiti akubali. Basi tukapanda lori la mbao, mimi na Anania, tukaenda kwa baba, Iringa mjini. Tulimkuta anakula viazi. Anania, pale mlangoni, akaniambia nimweleze baba kwamba kuna mtu anaitwa Lutengano na anaombewa ruhusa. Nikaeleza. Baba akatafuna, akameza, akaniambia nimjibu mkwe wake kwamba acheze. Nikamjibu, yakaisha.

Mafinga wakaifunga timu ya mjini kwenye fainali, mawili kwa moja, na yote mawili ya Lutengano. Alikuwa hajawahi kuiona Dar es Salaam. Jioni ile ile alikuja kuazima sanduku letu la safari.

Wa mjini wakakata rufaa, ati mchezaji si halali. Kikao kikaitwa kwenye ukumbi wa Welfea, jumba la mikutano ya raia pale mjini. Chai ya kikao ilitoka nyumbani kwa baba, kwa hiyo aliyekuwa anazunguka na birika ni mimi. Nje, chini ya dirisha, Lutengano na wenzake walikuwa wamechuchumaa wakingoja kujua kama wanakwenda au hawaendi.

Mjumbe wa Mbeya alikuwa Zubery, mwenye duka la nguo kule, mtu wa maneno machache. Alisema kama kuna wa kulalamika juu ya Lutengano ni Mbeya, na Mbeya hawana neno. Anachotaka kujua ni kama mwenyekiti alitoa ruhusa.

"Katibu hakuniambia neno lolote juu ya mchezaji huyo," baba akasema.

Jamani. Na kweli hakumwambia! Aliyemwambia ni mimi. Wala baba hakusahau, namjua baba yangu. Wale wa timu ya mjini walikuwa majirani zake, wanasali naye, wanamwamkia njiani kama mfalme, na safari ya Dar es Salaam alitaka aende nao. Alitafuta pa kutokea, akapaona kwenye heshima yetu wenyewe.

Zubery akamgeukia mume wangu, akamuuliza kwa upole kama alimwambia au hakumwambia. Nikamkazia macho Anania, moyoni nasema, sema, mume wangu, sema ulimtuma mkeo. Hakuinua kichwa. Alijibu kwamba hakumwambia.

Nikasema hapo hapo niliposimama, "Baba, mimi ndiye niliyekuambia. Ulikuwa unakula viazi."

Wajumbe wengine wakacheka chinichini. Mmoja akakumbusha kwamba mwenye birika si mjumbe. Baba hakunitazama. Ndipo mume wangu, bado ameinama, akasema, "Mama Fanueli, rudisha birika jikoni."

Nililirudisha. Nilikwenda na hasira, halafu aibu ikaja ikaifunika hasira yote. Nimemuumbua baba yangu mbele za watu na sijaaminiwa, na mume wangu mwenyewe ndiye aliyenitoa nje. Nilitamani ardhi inimeze na birika langu. Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono, zikalingana, na zikilingana ya mwisho ni ya mwenyekiti. Timu ya mjini ikaenda Dar es Salaam. Lutengano akafungiwa msimu mzima.

Alituletea sanduku letu limefutwa vumbi. Anania akaanza kumwomba radhi. Lutengano akamwambia asijisumbue, kwao Unyakyusa mambo ya wakwe ni hayo hayo, hata yeye angenyamaza. Afadhali angemtukana. Wiki ile akarudi kwao, hatukumwona tena, na Anania akawa anakwenda kanisani kwa njia ya nyuma ili asipite uwanjani.

Mwaka uliofuata miguu ilimsumbua baba, akaachia kiti. Anania alikwenda kwenye mkutano ameniapia kwamba anajiuzulu ukatibu na hataki tena habari za mpira. Alirudi jioni, akakaa, hakuvua hata koti.

"Wamenifanya mwenyekiti," akasema. "Wanasema nina adabu, sijibizani na wakubwa."

Nilimuuliza kwa nini hakukataa.

"Ningekataaje? Baba yako ndiye aliyelitaja jina langu."

Alikuwa ameinama, anaangalia sakafu. Nikachukua birika nikaenda jikoni, safari hii bila kuambiwa.