Bomba la Hezroni

Fundi Kassimu ukimkuta gerejini kwake pale Same, ulikuwa unamjua kwa mambo mawili. Kwanza hana nyusi, cheche zilishazila zamani. La pili, alikuwa akisikia gari yenye ekzosi wazi, anazima mashine ya kuchomelea mpaka ipite. Vijana wa bodaboda walishamjulia. Wakifika pale wanavuta mafuta makusudi: "Mzee Kassimu, salamu zako hizo!" Yeye anakaa tu na miwani yake myeusi, kichwa chini.

Mimi nilidhani ni uzee. Mpaka nilipopewa pikapu ya Mama Hezroni.

Naitwa Anderson. Shule niliacha kidato cha pili, sijui kukaa sehemu moja. Nimevua ziwani Jipe, nimelima Bendera, nimepiga debe Mwanga. Mwaka jana Mama Hezroni wa huko juu Mbaga akanitafuta niendeshe pikapu ya marehemu mwanawe. Pikapu yenyewe kuukuu, rangi ya bluu imebaki milangoni tu. Ila mlio wake, we acha! Haina sailensa. Kutoka kwenye injini mpaka nyuma ni bomba moja nene la chuma, inanguruma mpaka kifua kinatetemeka.

Huku milimani mlio wa gari ni kama jina. Pikapu ikianza kupanda kule chini, watu wa ng'ambo ya bonde wanaisikia, wanabeba magunia ya tangawizi wanashuka barabarani. Ukifika, mzigo unakusubiri. Ndiyo maana Hezroni alitoa sailensa, kila mtu alisema hivyo.

Safari yangu ya kwanza, kona ya kwanza, bibi mmoja akasema, "Hezroni, leo umechelewa." Akaniona uso. Akakusanya kanga yake, akarudi nyuma hatua mbili.

Kwa Mama Hezroni nikakuta makande yameshapakuliwa, yanafuka moshi, kijiko pembeni.

"Kula. Nimekusikia tangu bondeni."

Nikala. Ikawa hivyo kila safari. Sikuwahi kuuliza kama ile sahani ilikuwa yangu.

Mvua za mwezi wa nne bomba likapata ufa. Nikaipeleka pikapu kwa Fundi Kassimu. Kabla sijazima injini alishasimama, koleo limemdondoka.

"Toa hiyo gari hapa."

"Mzee, shikamoo kwanza."

"Marahaba. Itoe."

"Ni ufa tu, mzee. Dakika kumi. Au unaogopa Wapare wa juu hawatakulipa?"

Hakucheka. Akapiga magoti, akapitisha kiganja kwenye lile bomba kama mtu anayempapasa mgonjwa.

"Hili nililikata mimi," akasema. "Wewe unajua Hezroni alivyokufa?"

Najua, nani hajui. Kule juu mvua ikinyesha, wanaolima juu ya barabara wakiona udongo unapasuka au jiwe limelegea, wanapiga ukunga, ule ukelele wa hatari. Wa mlima wa pili anaupokea, mpaka unamfikia dereva, anasimama. Siku ile waliupiga. Milima mitatu waliupiga. Hezroni hakusimama. Jiwe likamkuta kwenye kona, likamfuata ndani.

"Angesikiaje?" Kassimu akasema. "Ndani ya hii ngurumo, angesikiaje? Hata mazishini sikwenda. Kila inapopita hapa, ndani ya mlio nasikia watu wanapiga ukunga. Niache nifunge sailensa. Bure."

"Gari si yangu, mzee. Mwenyewe hataki mlio uguswe."

"Basi nipeleke kwake. Ruhusa yake tu. Nikiikosa, sishiki tena mashine."

Tukapanda. Yeye mtu wa bondeni, ameshika mlango kwa mikono miwili. Kwenye ile kona akaniambia, "Zima." Nikazima. Maji yanatiririka kwenye mtaro, basi.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Ndiyo. Lakini wangeita, ungesikia."

Tulipofika, sahani ilikuwa mezani. Mama Hezroni akatuangalia. "Leo mko wawili," akaenda kuchukua nyingine.

"Shikamoo, mama," Kassimu akasema. "Mimi ndiye fundi niliyekata bomba la mwanao. Mwanao hakusikia ukunga kwa sababu yangu. Nimekuja unihukumu, halafu uniruhusu nilitoe, nifunge sailensa."

Mama hakuacha kupakua.

"Nani alikwambia ukate?"

"Hezroni mwenyewe."

"Na Hezroni alitumwa na nani?"

Kassimu akainua kichwa, akamtazama.

"Na mimi," mama akasema. "Hayo ya tangawizi alisema ili watu wasimcheke. Chakula kilikuwa kinapoa nikimsubiri. Nikamwambia, mwanangu, fanya nikusikie mapema, nikupakulie cha moto." Akaweka sahani mbele ya Kassimu. "Kula, baba. Halafu nenda kafunge hiyo sailensa. Lakini bomba lenyewe niletee."

Kassimu akafunga sailensa, bomba nikampelekea mama. Akaliegemeza ukutani, nje ya jiko, mdomo umeelekea bondeni. Sikuwaza kitu.

Safari iliyofuata, alasiri, nilikuwa nashusha magunia ya chumvi na unga. Pikapu nimezima. Nikasikia pikapu inakuja. Kule chini, kwenye kona, ile ngurumo ileile. Nikageuza shingo. Barabara tupu. Ulikuwa upepo wa bondeni umepanda, umeingia kwenye bomba.

Mama Hezroni akatoka na sahani. Akaniangalia mimi, akaiangalia pikapu iliyosimama.

"Si wewe," akasema, akaiweka kwenye kigoda kingine, kando ya lile bomba.

Kosa langu, nilimsimulia Kassimu. Akakaa siku nzima na kipande cha bati nene, akakikata duara, akakipiga tupa mpaka kikawa laini kama sarafu.

"Kamzibie mdomo wa bomba. Si vizuri mtu kusubiri vile."

Nikakipokea. Nilifika, nikamkuta mama ameketi karibu na lile bomba, anachambua maharage, anaongea polepole Kipare. Hakuwa anaongea na mimi. Nikarudi nacho.

Kila nikipita Same, Kassimu ananiuliza, "Ulimzibia?"

"Nilimzibia, mzee."

Anaitikia kwa kichwa, anarudi kazini. Siku hizi bodaboda wakivuta mafuta hazimi mashine, anawatukana tu: "Nendeni mkavutie kwa mama zenu!" Watu wanasema mzee amepona.

Kile kifuniko kipo chini ya kiti changu. Barabara ikiwa mbovu kinagonga jeki, ko, ko, ko, na kwa hii sailensa mpya nakisikia njia nzima. Nikifika kwenye kona nazima injini nisikilize kwanza, kama alivyonifundisha. Kifuniko kinanyamaza. Ukunga hakuna. Halafu kama upepo upo, kutoka kule juu ninakokwenda, naisikia pikapu inakuja.