Kaseti ya Elfu Kumi na Mbili

Sauti ya mama yangu ninayo sekunde kumi na moja tu. Zilizobaki nilizipoteza mwenyewe, kwa ubahili.

Someni, kisha mnitukane vizuri.

Naitwa Sila, naishi Ipagala, hapa Dodoma. Mzee wangu, Nathanaeli, alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya roki iliyoitwa Vumbi Kali. Mama, Dorkasi, ndiye aliyeimba. Kaseti yao ya kwanza ilitoka mwaka themanini na nne. Mama alifariki nina miaka miwili. Kaseti yetu iliazimwa na mtu, na mnajua vitu vya kuazima.

Mwaka jana madaktari walituambia tumrudishe mzee nyumbani. Kansa.

Akaniita. "Sila, nataka kumsikia mama yako kabla sijaondoka."

Nikaulizia kwenye magrupu mpaka nikapata watu wawili wenye ile kaseti.

Wa kwanza ni mzee Uwesu, fundi redio wa hapahapa Ipagala. Nikamwamkia, akaitoa kabatini, akataka kuniwekea nisikie.

Nikamkatiza. "Bei kwanza, mzee."

"Elfu themanini."

"Kaseti hiyo? Mtera kuna mtu anauza kumi na tano. Hiyo itakuozea, mzee wangu."

"Ya huko umeisikiliza?"

"Kaseti ni kaseti."

Akairudisha kabatini.

Hela nilikuwa nayo, niseme ukweli. Nilijiona mjanja tu.

Kesho yake nikaenda Mtera. Mama mmoja muuza samaki, Paskazia, akanitolea kaseti kwenye mfuko wa nailoni.

"Ya marehemu mume wangu," akasema. "Sijui hata kuna nini ndani."

Jalada safi kabisa, mama yangu na afro lake. Ila vile vitobo viwili vya juu vilikuwa vimezibwa kwa karatasi. Sisi tuliokulia enzi za kaseti tunajua maana yake. Kaseti ya dukani hairekodiki juu yake mpaka uzibe pale. Niliona kwa macho yangu, nikajisemea ni uchafu.

Tena nikapunguziwa. Elfu kumi na mbili.

Nyumbani tukamwegemeza mzee kwenye mito. Nikabonyeza.

Kwaya ya kanisa. Upande wote.

Nikageuza. Kwaya tena. Mzee alifumba macho. Nikaiacha inaimba, nikakimbia kwa Uwesu.

"Shikamoo mzee. Ile kaseti, nakupa hata laki."

"Marahaba. Asubuhi kapita kijana wa Arusha, nimemuuzia elfu ishirini."

"Ishirini?"

"Bei si ulinipa wewe? Ulisema kumi na tano. Nikaona hapo nimepata faida."

Namba ya simu ya yule kijana hakuchukua. Nilikaa kwenye benchi lake nikalia, mtu mzima mimi.

Niliporudi nyumbani kwaya ilikuwa inamalizika. Ukimya kidogo. Halafu gitaa, halafu sauti ya mwanamke.

Mzee akafumbua macho. "Dorkasi."

Waliorekodi kwaya hawakufika mwisho wa mkanda. Zilibaki sekunde kumi na moja za mama yangu, kisha kitufe kikaruka juu, redio ikazima.

Nikarudisha nyuma. Tukasikiliza tena. Siku tatu tulifanya kazi hiyo.

Siku ya tatu akaniuliza, kwa sauti ya kunong'ona, "Hapa mjini hakukuwa na nyingine?"

Nikashindwa kumdanganya. "Ilikuwepo, baba. Nzima. Elfu themanini."

Akanitazama. "Si ungeniambia, mwanangu. Ningeuza mbuzi."

Hakusema neno lingine kwangu. Alfajiri tulimkuta ameshaondoka.

Ndugu zangu, linganisheni bei za simenti, linganisheni bei za mabati. Lakini kitu ambacho mgonjwa wako anakisubiri, ukiwekewa usikilize, sikiliza.

Na kama unamfahamu kijana wa Arusha mwenye kaseti ya Vumbi Kali, mwambie anitafute. Bei sitauliza.