Hodi ya Tatu

Kwetu hakuna aliyezaliwa na sauti ndogo. Marehemu baba akipiga chafya hapa mtaani Kuze, watu wa uchochoro wa pili walikuwa wakimwombea rehema. Mimi nimelirithi koo hilo, na miaka ya kushona madera mbele ya cherehani inayonguruma imelinoa zaidi. Basi kaka yangu alipojaaliwa binti anayenong'ona kama mtu mwenye siri, tulidhani ni mafua. Tukangoja yapite. Alipofika miaka saba tukakubali kwamba si mafua.

Mpwa wangu huyo hushinda kwangu. Wazazi wake wanakaa Makupa na wote wawili wanafanya kazi, kwa hivyo akitoka skuli huletwa kwangu, ale, ajinyooshe kidogo, kisha aende chuoni kusoma Kurani, maana chuo kiko nyuma ya nyumba yangu. Ni mtoto wa raha. Hasumbui, havunji kitu. Ila ukimuuliza kama ameshiba, hukujibu kwa kichwa. Ukimuuliza kama ana njaa, kichwa. Nilikuwa nikimwambia, "Mwanangu, kichwa hakina ulimi. Nijibu kwa mdomo." Naye hutikisa kichwa kukubali.

Alasiri moja akarudi kutoka chuoni, akanivuta dera, nikainama. Akanitia sikioni maneno ambayo ilibidi nizime cherehani ili niyapate: beti za Maulidi mwaka huu alikuwa ameomba kuzisoma yeye.

Kila mwaka mwalimu wa chuo, mama mmoja mwembamba asiye na mchezo, hutunga beti za kuwasifu wazazi, na mtoto mmoja husimama kuzisoma mbele ya akina mama. Kipaza sauti hukaa upande wa wanaume, ingawa sijui cha nini, maana hata bila hicho hakuna asiyewasikia. Upande wetu ni koo tu. Nikajitanda buibui, nikaenda kumuuliza mwalimu kama ni kweli.

"Ni kweli," akanijibu. "Tena amezihifadhi kabla ya wenzake wote. Lakini nimekaa naye mkeka mmoja na sikumsikia. Siku yenyewe nitamsimamisha yeye kwanza. Akisikika mpaka mkeka wa nyuma, beti ni zake. Asiposikika, n'na mwengine tayari, wala usinijie na maneno."

Nikarudi nyumbani na maneno yangu kifuani. Mtoto alikuwa amekaa ngazini akiningoja, macho yote kwangu. Nikamwambia alivyosema mwalimu, bila kupunguza. Hakulia. Alisema, "Nataka kusoma mimi." Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia, nami nikaona huruma na hasira vikinipanda pamoja, hasira ya kupenda kitu halafu usijue pa kukishikia. Nikaapa kwamba beti hizo zitasomwa na wetu.

Tukaanza na kikapu. Mimi nakaa ghorofa ya pili, na kama majirani wengi huku, nina kikapu chenye kamba cha kuteremshia dirishani anapopita muuza mboga na mkokoteni wake. Nikampa kazi hiyo. Mchana ule akasimama nyuma ya ubao wa dirisha, mahali asipoonekana, muuza mboga akapita, akakata kona, akaenda zake. Kesho yake vivyo hivyo. Siku iliyofuata nikamwambia kwamba kama hakuna mboga hakuna chakula, nikaketi, nikakunja mikono. Mkokoteni ukaja. Nikasikia, "Weee, mboga!"

Muuza mboga alisimama, akatazama dirisha hili, akatazama lile, akageuka mzima, hakuona mtu. Mpwa wangu akaziba mdomo kwa mikono, mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Kumbe mtu asipomwona, koo la babu yake analo! Toka hapo akawa hashikiki. Aliagiza mabiringani, akaagiza bamia, akaagiza mabiringani tena, na mimi nikivuta kamba tu. Tulikula mabiringani mpaka wifi yangu, mamake mtoto, akauliza kama samaki wamehama bahari.

Lakini Maulidi hayasomwi nyuma ya dirisha. Hivyo nikampeleka sokoni Marikiti. Mpango ulikuwa yeye awe mnunuzi, na mimi niwe mpagazi wa kikapu. Tukafika kwa muuza nazi mmoja, kijana wa bara mwenye uso wa bashasha.

"Karibu, mrembo. Una miaka mingapi?"

"Saba," nikasema.

"Unasoma darasa la ngapi?"

"La pili."

"Haya, nikupe nazi ngapi?"

"Mbili, wala usitupe zilizopasuka."

Kijana akaziweka nazi chini taratibu. "Mama," akasema, "mimi nilikuwa naongea na mtoto."

Wapagazi waliokuwa wakipumzika juu ya magunia walicheka, mmoja mpaka akashika mbavu. Nikamshika mtoto mkono tukaondoka, na njia nzima nikimtukana yule kijana kwa adabu zake mbovu. Jioni wifi alipokuja kumchukua bintiye nikamhadithia, nikitaraji aniunge mkono. Alicheka mpaka akakaa.

"Wifi, huyo muuza nazi asema kweli. Kwako weye, mtoto atapata wapi mwanya wa kutia neno?"

Nikanuna. Nilinuna hata kahawa nikamtilia ya baridi. Lakini alipoondoka nilijikumbuka nikimjibia mtoto kwa daktari, kwa muuza viatu, kwa bibi wa ghorofa ya chini aliyemuuliza tu habari za skuli. Samaki mkunje angali mbichi, wasema, nami nilikuwa nimekwishakauka zamani. Ilitakiwa dawa. Nikafungua kopo la viungo, nikatoa karafuu, nikamwambia mpwa wangu siku ya pili, "Mtu akikuuliza kitu, mimi naitia hii mdomoni, naiuma. Ikiwa mdomoni, mimi bubu."

Alilipenda jambo hili kupita kiasi. Akawa ndiye anayenikumbusha. Tukiingia dukani, kabla muuzaji hajafungua kinywa, mkono mdogo ulikuwa ukininyooshea karafuu kutoka mfuko wa sare ya skuli.

Kisha tukahamia kwenye sahani. Jirani yangu wa nyumba ya pili ni bi mkubwa anayekaanga kaimati kila alasiri, na baina yetu sahani hazilali. Nikipika cha kupendeza, nampelekea. Na kwa kuwa sahani ya jirani hairudi tupu, yangu hurudi na kaimati. Siku hiyo nilipika mbaazi za nazi, nikazifunika kawa, nikamtuma mtoto. Akarudi baada ya muda na sahani ile ile, mbaazi zile zile, zimepoa.

"Hayupo?"

"Nimepiga hodi mara tatu, Shangazi. Hawakuitika, nikarudi."

Chuoni wanafundishwa hivyo: hodi tatu, usipoitikiwa geuza, usiwang'ang'anie watu mlangoni. Mtoto alikuwa na adabu zote za dunia, ila sauti. Nikamhadithia bi mkubwa, naye akajipiga kifua. Kumbe alikuwa ukumbini, nyuma ya mlango huo huo, akichagua mchele.

"Mlete kesho," akasema. "Mimi na yeye tutasikizana."

Kesho yake mtoto akasimama mlangoni na sahani, mimi nyuma yake na karafuu yangu. Akapiga hodi.

"Sisikii!" bi mkubwa akaitika kwa ndani. "Nani huyo?"

Akapiga ya pili, ikapanda. Ya tatu ikafika. "Karibu! Ndoo ndani, mwanangu, ndoo!" Akaingia, akamwamkia, akambusu mkono, akasema aliyofundishwa: "Shangazi akusalimu sana, asema upokee hiki kidogo." Alitoka na kaimati, asali ikimchuruzika kidevuni.

Siku ya pili bi mkubwa hakukaa ukumbini, alikaa jikoni. Baadaye akapanda ghorofani. Mwisho akawa anapanda mpaka juu ya paa anakoanika nguo, na magoti yake yale, na kutoka huko anauliza, "Nani huyo? N'ko juu, sisikii!" Mtoto huku chini anajaza kifua, anaiachia hodi inayopanda ngazi zote. Ikawa kila akitoka chuoni anauliza leo tunapeleka nini. Nilipika nisivyovihitaji ili apate sahani ya kubeba. Kilo nilizoongeza mwezi ule ni za mbaazi na kaimati.

Siku ya Maulidi ukumbi wa chuo ulijaa mpaka kwenye madirisha. Mikeka ilikuwa imetandikwa, udi unafuka, akina mama wamejaa marashi na mazungumzo. Uani, nyuma ya ukuta, wapishi walikuwa wakihangaika na masufuria ya pilau. Wifi alikaa mbele. Mimi nilikwenda mkeka wa nyuma kabisa kama nilivyopatana na mtoto, nikatia karafuu mdomoni. Kando ya mwalimu, mtoto mwengine alikuwa amekaa tayari, nguo yake imepigwa pasi.

Mpwa wangu akaitwa. Akasimama na kanzu yake ya kijani niliyomshonea mwenyewe, mikono ikiushika upindo. Akafungua kinywa. Hakikutoka kitu.

Mimi beti zile nazijua zote. Ubeti wa kwanza ulikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi wangu, ningeuachia ungefika Makupa. Niliiuma karafuu mpaka machozi yakanitoka. Mwanamke mmoja mbele yangu akamwambia mwenzake, "Masikini, ameogopa." Mwalimu akamgeukia yule mtoto mwengine.

"Hodi," akasema mpwa wangu.

Waliokuwa mbele wakatazamana. Mazungumzo ya nyuma yakaendelea.

"Hodi!"

Sasa wengine wakaanza kucheka kidogo, si kwa ubaya, na mwalimu akabaki amesimamisha mkono hewani. Hakuna aliyeitika, nani anaitikia hodi ya mtu aliyekwishaingia? Lakini mimi namjua mtoto huyu. Imebaki moja, na isipoitikiwa atageuza, ateremke na beti zake kama alivyorudi na mbaazi zangu. Nilimwona akijaza kifua kama anayeita mtu wa juu ya paa.

"HODI!"

"Karibu!" ikajibu sauti kutoka uani, kutoka kwenye masufuria. "Karibu, pita ndani!" Mpishi, masikini, alidhani amekuja mgeni.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na ndani ya kicheko hicho akina mama wote, mbele na nyuma, wakaitika pamoja, "Karibu! Karibu, mwanangu!" Naye akatabasamu, kwa kuwa sasa amekaribishwa, akaanza kusoma.

Alisoma beti zote. Hakuziharakisha. Mkeka wa nyuma tulisikia kila neno, na uani miiko ilikuwa imenyamaza. Wifi alijifunika uso kwa leso. Mwalimu hakutabasamu, yeye si mtu wa hivyo, lakini alimwambia yule mtoto mwengine aende akakae na wenzake.

Alipomaliza alipita katikati ya watu, wanawake wakimvuta wambusu, akawaponyoka, akaja moja kwa moja mpaka kwenye mkeka wangu. Akapiga magoti mbele yangu, jasho likimtiririka.

"Shangazi, umenisikia?"

Mimi mwenye koo la baba yangu nikatafuta sauti, sikuiona. Nikatikisa kichwa kukubali, nikatikisa tena.

Akanyoosha kiganja chake mbele ya mdomo wangu.

"Tema karafuu, Shangazi," akasema, kwa sauti ya kusikika na mikeka yote. "Nijibu kwa mdomo."