Nilisema Nitakuja Kukaa

Kwenye simu yangu kuna picha za nyumba inayouzwa. Nyumba ya mawe, madirisha madogo, mlango wa kijani, iko kijijini Uingereza, mahali ambapo basi hupita Jumanne na Ijumaa tu na likikuacha ndiyo umeachwa. Dalali ameandika kwamba sebule ina mwanga mzuri. Mwongo. Sebule ile haijawahi kuwa na mwanga. Najua kwa sababu nimeikalia chini, kwenye kapeti, khanga kiunoni, siku nzima, huku watu wakipita nje na mbwa wao wakijifanya hawanioni.

Ngoja nieleze tangu mwanzo, maana nikisimulia hapa Fort Worth, Marekani, watu hucheka kabla sijamaliza.

Nilikwenda kule kutunza wazee. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, kozi fupi ya kuhudumia wagonjwa, mume, na mtoto mgongoni. Kampuni ikatupa kijumba kilichogusana ukuta na hiyo nyumba ya mawe. Kijiji chenyewe ungekimaliza kwa miguu kabla chai haijapoa. Kanisa, baa moja, sanduku jekundu la posta, na kibanda cha simu kisicho na simu, wameweka vitabu vimevimba kwa unyevu. Baada ya hapo ni mashamba. Njia zake zimezama katikati ya ua wa miiba mrefu kuliko mtu, unatembea kama panya mferejini, huoni kitu, halafu unafika kwenye geti na bonde lote linafunguka mbele yako, kijani mpaka macho yanauma, kondoo wametapakaa kama pamba iliyomwagika.

Nilichukia uzuri ule. Sioni aibu kusema. Kwetu Mbozi shamba lina sauti. Huyu anapalilia, yule anamwita mwanawe, redio inaimba kwenye kahawa. Kule unasikia kunguru, na trekta mbali huko, basi. Na watu, kila mmoja anakuita mpenzi. Wanakuita mpenzi hata wakikwambia pipa lako la taka liko mahali pabaya.

Hatujamaliza mwezi, mzee wa nyumba ya mawe akafa. Tuliona asubuhi gari la wagonjwa likija bila king'ora, likakaa sana, likaondoka polepole. Nikamwambia mume wangu, leo hapa patajaa watu. Nikaanza kupika, maana mama yangu alinilea hivyo, jirani akifiwa jiko lake haliwaki, lako ndilo linalowaka kwa ajili yake. Nikainjika maharage. Nikapika uji. Nikachungulia dirishani.

Hakuna mtu aliyekuja.

Mpaka saa sita hakuna mtu. Nikabeba sufuria, nikagonga, nikaingia. Bibi, mke wa marehemu, alikuwa kwenye kiti, amevaa koti la kutokea, mkoba mapajani, kama anayesubiri kuitwa kwa daktari. Nikampa pole. Nikasogeza meza, nikakaa chini.

"Kuna viti, mpenzi," akasema.

"Najua."

Nami nikamuuliza kitu nilichoona ni cha kawaida kabisa, magodoro tuyatandike chumba gani.

"Magodoro ya nani?"

"Ya watu watakaolala."

"Watu gani?"

Kadi za pole zilikuwa zinaanguka kwenye tundu la barua la mlango. Kila ikianguka moja nilinyanyuka kufungua ili aliyeileta aingie, nikakuta mgongo wake tayari uko getini, anatembea kama aliyeiba. Wamesoma naye shule moja, wameimba naye kanisani miaka yote ile, na wanatupa kadi na kukimbia. Nikarudi kukaa. Jioni Bibi akavua koti. Akala uji.

Siku ya pili bosi akanipigia. Kumbe mama mmoja wa kanisani ameripoti kwamba mfanyakazi wa kampuni ameingia nyumba ya mfiwa na hataki kutoka.

"Nani alikutuma?" bosi akauliza.

"Msiba hautumwi mtu."

"Sikiliza, mpenzi, hawa watu wanahitaji faragha."

Bibi akaninyang'anya simu mkononi. Akasema, "Nimemwalika mimi," akakata. Hakuwa ameniita. Nilikaa mpaka wakazika, na wao huzika baada ya majuma, maiti inangoja nafasi kama gari gereji. Mwanawe alikuja siku ya maziko akalala hotelini mjini. Chumba kipo nyumbani kwa mama yake, kitanda kipo.

Ndivyo nilivyopata mama katika kijiji kile. Binti yangu alijifunza kutembea akishika mkongojo wake, na neno Bibi alilisema kwake kabla hajalisema kwa mama mkwe wangu kwenye simu. Nikiwa sina zamu tulipita mashambani sote watatu. Alinionyesha kwamba shamba la mtu lina njia ya watu wote katikati yake, hata tajiri hawezi kukuzuia, mradi ufunge geti nyuma yako. Nikamwambia ajabu, njia mmeziacha wazi, milango ndiyo mmeifunga. Alicheka mpaka akashika uzio.

Palepale kwenye uzio akaniuliza, "Mimi nikifa, utakuja kukaa?"

"Nitakuja."

"Chini?"

"Chini."

"Na magodoro?"

"Na magodoro, Bibi."

Alikuwa anatania, lakini mkono wangu hakuuachia mpaka nyumbani.

Halafu mume wangu akapata ile bahati nasibu ya viza ya kuhamia Marekani, nani anakataa? Tukaja Texas. Sasa napakia maboksi ghalani, nina mtoto wa pili anayenyonya, na kutoka mlangoni kwangu huwezi kutembea kwenda popote ila kwenye maegesho ya magari. Bibi nilimpigia kila Jumapili. Mwishoni alikuwa ananiuliza kama nimefunga geti. Nilimjibu nimefunga.

Aliyeniambia amekufa ni mwanawe, kwa ujumbe. Nikampigia hapohapo. Nikajipa moyo, maana wao wanangojea majuma, basi mimi nina muda. Nikamwambia nahitaji barua yake ya mwaliko niombe viza, pasipoti yangu ni ya Tanzania, bila mwenyeji sifiki.

"Ni wema wako," akasema. "Ila tunafanya kitu kidogo. Familia tu. Tutakutumia linki."

"Niliahidi kuja kukaa."

"Kukaa wapi?"

"Sebuleni."

"Nyumba tunaiandaa kuuzwa, mpenzi."

Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Barua haikuja.

Basi nikasema nitakaa huku huku. Mume wangu akatangaza kwenye grupu letu la WhatsApp la Watanzania wa Texas, wale wale ambao mtu akifiwa Dallas au Houston tunajazana mpaka jirani Mmarekani anaita polisi. Vikaja viganja vya sala. Mmoja akauliza marehemu alikuwa nani kwetu. Mume wangu akaandika, jirani. Mwingine akaandika, jirani mzungu? Akaweka uso unaocheka, akaufuta, lakini nilishauona.

Mwenyekiti wa kina mama akanipigia. "Mdogo wangu, usinielewe vibaya. Watu wamechoka na shifti. Mzungu ana watu wake."

"Wako wapi?"

"Si wako huko kwao?"

"Huko hawakai, dada. Ndiyo maana nakaa mimi."

"Sasa sisi tumkalie mtu ambaye hata wake hawamkalii?"

"Mwaka jana tuliendesha mpaka Katy, kule karibu na Houston, kwa msiba wa baba mkwe wa mtu nisiyemjua hata jina. Nilikuwa na mimba. Nilipika kule. Ulinishikia mwiko wewe mwenyewe."

"Yule alikuwa wa kwetu."

"Alikufa Tabora hajawahi kukuona."

"Haya mama," akasema. "Pole sana. Mungu akutie nguvu." Na hiyo Mungu akutie nguvu ya mtu anayetaka kukata simu ni sawasawa na ile kadi ya kwenye tundu la mlango. Tumevuka maji yote hayo tukajifunza na sisi kutupa na kukimbia.

Siku ya maziko tulisukuma kochi barazani, nikatandika mkeka. Nilikuwa nimeinjika sufuria kubwa tangu alfajiri, ile ya misiba, kwa sababu sijui kupika maharage ya msiba kwenye sufuria ndogo. Saa mbili asubuhi yetu linki ikafunguka. Kamera wameiweka nyuma kabisa ya kanisa. Nikaona migongo michache na viti vitupu vingi. Jeneza lilikuwa dogo kama meza. Wakaimba, mchungaji akasoma, ikaisha hata mwanangu hajamaliza kunyonya. Kisha mtu akaja karibu na kamera, nikaona kidole, na kioo kikawa cheusi.

Mume wangu akakaa nami mpaka muda wa kazi. Kule kwake ruhusa ya msiba ni ya mzazi, mwenzi, au mtoto, jirani hayumo. Akasimama mlangoni na viatu vyake vya kazi vyenye ncha ya chuma.

"Labda jioni watakuja," akasema.

"Nenda."

Binti yangu alivaa gauni lake la kanisani bila kuambiwa. Akaniuliza kwa Kiingereza, siku hizi ndicho anachojibia, watu wanakuja saa ngapi. Nikamwambia kaa chini. Akakaa. Akauliza kama Bibi ndiye anayekuja. Nikamwambia Bibi ndiye aliyekufa, nilishakwambia. Akasema basi tungekwenda sisi.

Mtoto amesema neno la akili kuliko grupu zima. Lakini Bibi hakuomba nimlilie Texas. Aliomba nikae pale, chini, kwenye chumba chake, ili wenye mbwa waone kwamba kuna mtu amekaa. Mkeka wangu wa huku hakuna aliyeuona. Mlango niliuacha wazi mpaka kiyoyozi kikashindwa na joto, na aliyepita ni mtu wa vifurushi. Jioni nikaufunga. Maharage tulikula mpaka yakachacha, mengine nikamwaga.

Sasa dalali ameweka picha. Mlango wa kijani. Bustani. Bonde na kondoo. Ya nne ni sebule, na kapeti wameling'oa, kumebaki mbao tupu, meza haipo, kiti hakipo. Imeandikwa nyumba iko wazi, mnunuzi anaweza kuingia wakati wowote. Binti yangu akachungulia begani kwangu, akaweka kidole pale pale nilipokuwa nakaa, akauliza hapo ni wapi.

Hapakumbuki.