Ziwa Lililolala Ubavu

Mdogo wangu Noëlla anaishi Lubumbashi, na likizo ya Pasaka iliyopita alikuja kunitembelea Bukavu baada ya miaka tisa. Siku tatu za kwanza tulikula, tulicheka, tuliwasalimu ndugu wa mitaa ya Nyalukemba na Kadutu. Siku ya nne, tukiwa tunachambua sombe, majani ya mihogo, uani, aliniuliza mimi dada yake mkubwa: “Yaya, unafundisha jiografia tangu nikiwa mutoto. Utanionyesha nini yenye haiko kwa picha?”

Kila mwaka nachora Ziwa Kivu ubaoni kwa chaki ya buluu, nachora milima kwa chaki ya kahawia, kisha napangusa vumbi mikononi na kurudi nyumbani. Sikuwa nimewahi kupanda hata mlima mmoja kati ya hiyo. Goti langu la kushoto lina maneno yake, na kazi haziishi. Lakini swali la Noëlla halikuniacha. Jioni ile nilimpigia simu Papa Murhula, jirani yetu mwenye taksi, nikamwomba atupeleke Jumamosi hadi Tshivanga, kwenye lango la mbuga ya Kahuzi-Biega. Nilikuwa nimesikia kwamba kutoka hapo kuna njia fupi ya kupanda Bugulumisa, mlima mpole ambao hata mtu wa umri wangu anaweza kuupanda na kushuka kabla jua halijaegemea.

Jumamosi, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, tuliondoka. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha ikakatika alfajiri, na mji ulikuwa umeoshwa. Noëlla alitoka amevaa viatu vyeupe vya kitambaa. Papa Murhula alivitazama, akatikisa kichwa.

“Maman, bile biatu unaenda nabyo kwa mulima?”

“Ni bipya,” Noëlla akajibu kwa fahari.

“Ndiyo. Itakuwa vile mpaka saa ine.”

Tulipanda tukiliacha ziwa kulia kwetu, likijificha na kutokea kati ya mikaratusi. Soko la Mudaka lilikuwa linaamka. Akina mama walishusha mizigo ya kabichi migongoni, kamba zikiwa bado zimekaza kwenye vipaji vya nyuso. Tulinunua ndizi mbivu, parachichi na sambaza, visamaki vya ziwani, za kukaanga zilizofungwa kwenye karatasi. Tulipofika kijiji cha Miti tuliiacha barabara ya Kavumu, tukashika ya kushoto inayopanda. Hapo baridi ilianza. Mashamba ya chai yalikuwa yamelowa, kijani kiasi cha kuumiza macho. Noëlla alifungua dirisha, akatoa kichwa nje kama mtoto. Mimi nilikuwa nimeridhika kabisa.

Saa mbili na nusu tulifika Tshivanga. Kuna nyumba ya mapokezi yenye meza ndefu na daftari kubwa la wageni. Niliandika jina langu na kazi yangu. Mwanamke mmoja wa miaka thelathini hivi, amevaa sare ya kijani na buti za mpira, aliligeuza daftari akasoma. Alisoma polepole kuliko ilivyohitajika.

“Mwalimu,” akasema. “Madame Espérance.”

“Ni mimi.”

“Ni miye guide yenu leo, nitawaongoza kwa mulima. Madame haunikumbuke? Ansima. Mwaka ya pili ya secondaire, nilikuwa naikala nyuma, pembeni ya dirisha.”

Noëlla alipiga makofi. “Mwanafunzi yako! Yaya, ona, Mungu anapanga!”

Nilimpa mkono, nikacheka, nikasema amekuwa mwanamke mzuri. Lakini ndani niliogopa. Kwa sababu nilimkumbuka, na nilikumbuka zaidi ya alivyosema.

Alikuwa mtoto wa vilima vya huku, karibu na Miti, aliyeletwa Kadutu kwa shangazi yake apate kusoma. Siku moja niliwaambia wanafunzi wachore ramani ya Ziwa Kivu bila kufungua daftari. Ansima alileta ziwa lililolala. Badala ya kusimama kaskazini hadi kusini kama kwenye vitabu vyote, lilikuwa limejinyoosha ubavu, milima upande wa chini wa karatasi, Bukavu mkono wa kulia. Nilikuwa nimechoka siku hiyo, nina madarasa mawili kwa chumba kimoja. Niliinua ile karatasi darasa zima lione. Nikasema, “Ziwa la huyu limelewa.” Kisha nikaichana. Watoto walicheka hadi kengele, na kwa muda mrefu baadaye walimwita “Ziwa Mulevi.” Nami niliwasikia wakimwita hivyo. Sikuwahi kuwakataza.

Saa tatu gari lilitusogeza hadi mwanzo wa njia, kisha Papa Murhula akabaki na kiti chake kilicholazwa nyuma. Tulikuwa wanne: Ansima mbele, sisi wawili katikati, na askari wa mbuga nyuma na bunduki yake, mtu mkimya aliyekuwa akitafuna muwa.

Njia ni ya udongo mwekundu, pana, inapanda taratibu. Ansima alitembea kwa mwendo wangu bila kuniambia kwamba anatembea kwa mwendo wangu. Alituonyesha upupu tusiuguse, mianzi michanga ambayo sokwe wakubwa hupenda kuivunja, kinyesi chao cha zamani, alichosema ni cha wiki iliyopita. Noëlla aliuliza maswali kama mvua. Saa nne kamili, kama Papa Murhula alivyotabiri, aliteleza, na viatu vyeupe vikazama hadi kamba. Tulicheka wote, hata yule askari. Ansima alimvuta kwa mkono, akakata fimbo ya mwanzi, akampa.

Mimi kila aliponigeukia nilikuwa nangoja. Nilifikiri, sasa atasema. Hakusema. Aliniita Madame, akanishika kiwiko penye matope, akaniuliza kama goti linauma. Ingekuwa rahisi zaidi kama angenikasirikia.

Tulifika kwenye kijito cha pili, chembamba, kinachokatiza njia. Noëlla aliuliza maji yale yanakwenda wapi. Nikajibu haraka, kama ninavyojibu darasani: “Ziwani. Kila maji ya huku yanateremka Kivu.”

Ansima alisimama kando ya kijito. “Samahani, Madame. Ile kwenye tulivuka kwanza, ndiyo, ile inaenda kwa ziwa. Lakini hii inageuka nyuma ya mulima. Inaenda upande ya pori, kwa muto Lualaba.” Akaonyesha kwa mkono jinsi kilima kinavyokatika. “Hapa ndiyo maji inaachana.”

Nilitazama. Alikuwa sahihi, hata mwinamo wa ardhi ulionyesha wazi kwa mtu anayetazama. Hakutabasamu kwa ushindi. Alikuwa ameshaendelea kupanda.

Saa tano hivi tulitoka kwenye mianzi, tukaingia kwenye nyasi na upepo, na njia ikaisha kwa sababu mlima ulikuwa umeisha.

Sijui kueleza vizuri. Nyuma yetu mlima Kahuzi ulikuwa na wingu shingoni, na Biega kando yake, mweusi, karibu kuliko nilivyodhani. Mbele yetu ardhi yote ilishuka: msitu, chai, viraka vya mihogo na maharage, mabati yanayong'aa ya Miti, kiwanja cha ndege cha Kavumu kama utepe. Kisha ziwa. Mvua ya usiku ilikuwa imesafisha hewa, na kisiwa cha Idjwi kilionekana hadi miti yake. Kulia kabisa, mbali, rasi za Bukavu zilijichomeka majini.

Ziwa lilikuwa limelala ubavu. Kushoto lilielekea Goma, kulia Bukavu, na milima chini ya miguu yetu. Lilikuwa vilevile kama kwenye ile karatasi. Mtoto wa huku hakuwa amekosea. Alichora kile ambacho macho yake yaliona kila asubuhi akienda kuteka maji.

Tulikaa kwenye nyasi, tukafungua sambaza na parachichi. Yule askari alitupa sehemu ya muwa wake. Noëlla, akiwa anajaribu kuelewa kisiwa kiko wapi na mji uko wapi, alisema: “Ansima, juu ya nini hakuna carte, ramani ya kuonyesha njia, kule kwa mulango? Mugeni anafika, haelewi anaenda wapi.”

Ansima alipangusa vidole. “Chef ya hii mbuga ananiomba niichore. Ni mwaka ya pili sasa. Anasema, wewe ndiyo unajua njia zote.”

“Na wewe?”

“Miye sichorake.” Akacheka kidogo, akitazama kwingine. “Mukono yangu haiko ya kuchora.”

Niliweka parachichi chini. Noëlla hakuelewa kitu. Alikuwa ameshageukia picha zake kwenye simu. Ningeweza kukaa kimya. Siku ilikuwa nzuri, na tulibakiza kushuka tu.

“Ansima,” nikasema. “Ile ramani niliyoichana. Niliikumbuka tangu kule kwenye daftari. Ilikuwa ya kweli. Ilikuwa hii hapa.” Nikaonyesha mbele. “Mimi ndiye sikuwa najua. Nilikuaibisha mbele ya wenzako, na walipokuwa wanakuita lile jina nilinyamaza. Unisamehe.”

Noëlla alishusha simu.

Ansima alinyonyoa nyasi. Nilidhani atasema, si kitu Madame, ni ya zamani. Ndivyo watu wetu wanavyosema kwa adabu. Hakusema hivyo.

“Iliniuma,” akasema. “Nilibeba vile vipande kwa nyumba, nikavibandika na bugali. Shangazi akauliza, nikasema ni mvua ilipasua. Nilikuwa nafikiri labda macho yangu ndiyo mabaya. Likizo nikarudi kwetu, nikasimama kwa shamba ya mama, nikaangalia ziwa. Iko vile vile. Nikajua Madame ndiye hakufika huku. Lakini kujua ile haikunisaidia. Kila nikishika crayon ya kuchora nasikia batoto banacheka.”

“Na mbona hukuniambia leo asubuhi?”

“Ulikuwa mugeni. Na ulikuwa unaogopa, nilikuona.” Sasa alinitazama usoni. “Nilikuwa nangoja kama utasema. Kama haungesema, ningekurudisha chini pole pole na goti yako, ningekuambia safari njema.” Akakung'uta nyasi mikononi. “Aksanti kwa vile umesema.”

Noëlla alilia, yeye hulia upesi. Yule askari alitazama Kahuzi kwa bidii nyingi. Mimi nilimwuliza Ansima majina ya vilima vyote tunavyoviona, kimoja kimoja, nami nikaviandika kwenye daftari langu. Vingine havimo kwenye kitabu chochote nilichosomesha. Aliniambia pia jinsi ninavyokosea kuvitamka.

Saa saba tulikuwa tumeshuka. Goti lililalamika, lakini lilifika. Papa Murhula alikuwa amelala mdomo wazi, tulimwamsha aturudishe mapokezini, akalala tena. Nilimwomba Ansima karatasi kubwa, na kwenye ofisi ya mapokezi ilipatikana moja, upande mweupe wa kalenda ya zamani. Nikaiweka mezani pamoja na penseli, nikakaa upande wa pili, mikono yangu nimeikalia.

“Chora vile unavyoiona wewe,” nikasema.

Alichora mstari wa kwanza, akaufuta. Wa pili nao. Wa tatu ulikuwa ukingo wa ziwa. Baada ya hapo hakuinua kichwa. Alianza na milima chini, njia ikipanda, kijito kinachogeuka nyuma ya mlima, ziwa limelala juu, Bukavu kulia. Penye utelezi alichora kiatu kidogo, na Noëlla akapiga kelele kwa furaha. Mara mbili mkono wangu ulitaka kutoka chini yangu kusahihisha. Niliukalia zaidi.

Alipomaliza aliigeuza kunielekea. Sauti yake ikawa ya mwaka wa pili wa sekondari.

“Iko bien, Madame? Iko sawa?”

“Sijui,” nikamwambia. “Hapo nimefika mara moja tu. Wewe ndiye unayejua.”

Aliitazama tena kama anayepima shamba. Kisha akachukua penseli, akaongeza mti mmoja aliokuwa ameusahau, na pembeni akaandika jina lake lote.

Saa kumi na moja jioni tulikuwa tumerudi nyumbani Nyalukemba. Noëlla aliweka viatu vyake juu ya ukuta vikauke, akaanza kuwasimulia majirani kwa sauti iliyofika mtaa wa pili. Nilioga maji ya moto, nikajipaka dawa kwenye goti. Nilikuwa na furaha, na nilikuwa na haya, na vyote viwili vilikaa pamoja bila kugombana. Nilijifunza kwamba mtu anaweza kufundisha mahali kwa miaka mingi bila kufika pale, na kwamba yule aliyefika huenda ameketi nyuma, pembeni ya dirisha, akingoja aulizwe.

Shule zilipofunguliwa, niliwaambia wanafunzi wangu wachore mahali wanapoishi, kutoka pale wanaposimama asubuhi. Msichana mmoja wa Kadutu hakuchora ziwa wala mlima wala barabara. Alichora ngazi tu za udongo, zinapanda hadi mwisho wa karatasi. Nikavuta kiti, nikaketi kando yake, nikamwomba anipitishe, ngazi moja moja.