Sauti ya Fundi wa Sare

Fundi wa sare za shule pale mjini Solo, Indonesia, hushona na pini midomoni, kwa hiyo maneno yake ni machache na hutokea pembeni mwa mdomo. Kila binti akija hupata yale yale: futi kiunoni, kofi dogo mgongoni, na "Umepungua, mwanangu, umependeza!" Mmoja wao, Ratri, amekuja mara ya nne tangu sikukuu ya Idi ili apunguziwe sketi ile ile, simu mkononi kama kawaida yake. Leo fundi anapima, anapima tena, anaigeuza futi akidhani ameishika kinyume. Mbavu zinahesabika chini ya vidole vyake.

"We mtoto, unaumwa?"

"Siumwi, shangazi! Kwani hujui kuwa wewe ni maarufu?"

Ratri anamgeuzia simu, video aliyomrekodi inacheza. Fundi anaiona mikono yake mwenyewe na futi yake ya manjano kwenye kiuno cha Ratri. Kisha, video baada ya video, vinafuata viuno vya mabinti asiowajua, kila kimoja chembamba kuliko kilichotangulia.

"Wa wapi hawa?"

"Kila mahali. Wote wanaweka sauti yako kwenye video zao."

Fundi anafungua mdomo kumkemea, pini zote zinamwagika sakafuni, na simu inamtangulia kusema: "Umepungua, mwanangu, umependeza!"