Bwana wa Kuazima kwa Chifu

Wiki jana nilikuwa ofisini kwa chifu, hapa Eldoret, nikingoja mhuri. Mbele yangu alisimama mama mmoja aliyehamia mjini kutoka mashambani, udongo wa kukandika ukuta bado umemkaukia viwikoni. Alitaka barua ya kuonyesha kwamba nyumba yake ya udongo kule mtaa wa mabanda ni yake.

Karani, beji ya chama kifuani, hakuinua hata kichwa.

"Jina la bwana?"

"Bwana alibaki nyumbani Kakamega. Nyumba nimejenga mimi."

"Mama, mwanamke hana nyumba. Leta bwana."

Mama akatoka. Haukupita muda akarudi na fundi wa viatu anayekaa pale getini, nyundo ingali mkononi. Karani akachangamka, akafungua faili.

"Karibu, Mzee. Nyumba yako iko upande gani?"

Fundi akamgeukia mama. "Kwani tulijenga wapi?"

Mama akamwonyesha kwa kidole, karani akaandika jina la fundi, mhuri ukagonga.

"Huyu mama ni wa ngapi wiki hii?" karani akamuuliza fundi.

"Wa nne," fundi akajibu, akarudi kwa viatu vyake.

Kwa hivyo serikali inajua fundi wetu ana nyumba nne. Yeye mwenyewe analala kwa dadake. Lakini mwaka jana niliwaona askari wa manispaa wakibomoa mtaa huohuo. Akina mama walitoka na mabati kichwani, na hakuna askari hata mmoja aliyewaambia walete bwana kwanza.